Barua ya wazi kwa wakuu wa Buffalo Sabres kuhusu kocha Lindy Ruff

Buffalo, New York
Agosti 2025

Kwa Ndugu Terry Pegula, mmiliki wa timu ya hoki ya barafuni ya Sabres,
na Ndugu Kevyn Adams, meneja mkuu.

YAH: KOCHA LINDY RUFF NA MSIMU UNAOKUJA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu hii ndiyo lugha tunayomjadilia kocha wenu. Kwa kinyozi wetu hapa West Side, Jumamosi asubuhi, utakuta Wakongo wa Uvira na Bukavu, Warundi, na Wabantu wa Somalia ambao baadhi yao bado wanasema Kizigua, lugha ya kwetu Tanga. Wengi wetu kabla ya kufika huku barafu tuliijua ya kwenye friji tu. Leo tunabishana juu ya mabeki na makipa wa hoki ya barafuni kama tulivyobishana zamani juu ya Simba na Yanga, na mada inayowasha moto kuliko zote ni Lindy Ruff. Abaki au aondoke? Atakayewatafsiria barua hii namwomba awasomee yote, hata yanayouma.

Mimi niliingizwa katika mapenzi haya na jezi. Majira yangu ya kwanza ya baridi, jirani yangu, mzee mwenye asili ya Poland aliyezaliwa mtaa huu huu, alinikuta kituo cha basi nikitetemeka. Akarudi ndani, akatoka na jezi yake ya zamani ya Sabres, akanivika juu ya koti. Namba 39. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema aliyevaa namba hiyo ni golikipa Dominik Hasek, na kwamba kuna bao la mwaka 1999 ambalo yeye hatalisamehe mpaka anaingia kaburini.

Ilinichukua miezi kulielewa bao hilo. Fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, mchezo wa sita, dhidi ya Dallas Stars, muda wa nyongeza wa tatu, usiku umeshakuwa alfajiri. Brett Hull wa Dallas anafunga huku mguu wake ukiwa ndani ya eneo la golikipa, na kanuni za msimu ule zilikuwa kali juu ya jambo hilo. Waamuzi wakalikubali, kombe likaenda Texas. Kocha aliyebaki akidai maelezo ambayo hayakumridhisha alikuwa Ruff, wakati huo ana miaka 39. Kwa hiyo mtu wa nje akiuliza kwa nini mji huu unamgombania kocha mmoja hivi, aanzie hapo. Ruff anabeba kidonda kile kile tunachobeba sisi.

Nami kwa sehemu kubwa ni mmoja wa wanaomtetea, basi nianze na upande huo.

Huyu alichaguliwa na Sabres mwaka 1979 akiwa kijana kutoka Alberta, Kanada. Akacheza beki na winga, akawa nahodha, akarudi mwaka 1997 kuwa kocha na akakaa mpaka Februari 2013. Katika kipindi hicho aliipa klabu hii ushindi 571 katika msimu wa kawaida. Mlipomrudisha Aprili 2024 alikuwa na ushindi zaidi ya 860 katika NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika ya Kaskazini, kwa jumla, idadi ambayo ni makocha wachache mno katika historia nzima ya ligi wameifikia. Watu wanaosema hajui kazi wanasema kwa hasira, na hasira yao naielewa, ila hapo wamekosea.

Tena anajua jinsi ya kuwaachia wachezaji wacheze. Baada ya ule msimu uliofutwa wa 2004-05, ligi ilirudi na kanuni mpya zilizokataza kushikana na kukwamishana, na makocha wengi walichelewa kushtuka. Ruff hakuchelewa. Akawapanga Daniel Briere, Chris Drury, Maxim Afinogenov, Thomas Vanek na wenzao katika safu nne ambazo zote zilishambulia, kiasi kwamba mpinzani hakujua ni ipi ya kuikabili. Ushindi 52 msimu ule, naye akapewa tuzo ya kocha bora wa ligi. Msimu uliofuata ushindi 53 na nafasi ya kwanza katika ligi nzima. Jirani yangu anasema mji ulikuwa hauendi kulala.

Na anasimama na watu wake. Februari 2007, Chris Neil wa Ottawa alimgonga Drury kichwani akaanguka damu ikimtoka. Ruff akawatoa benchi watu wa kazi, Andrew Peters, Adam Mair na Patrick Kaleta, na barafu ikageuka uwanja wa vita mpaka makipa wakakunjana. Ligi ikamtoza faini ya dola 10,000. Sisemi ngumi ni dawa. Nasema mchezaji akiona kocha wake anakubali kulipa kwa ajili yake, anacheza tofauti, na timu yenu ya leo, yenye vijana wengi hivi, inahitaji sana mtu wa namna hiyo.

Kuna na habari ya New Jersey, ambayo wanaomtetea wanaipenda kuliko zote. Oktoba 2022, akiifundisha timu ya huko, Devils, mashabiki wake walimzomea uwanja wa nyumbani wakiimba afukuzwe. Wiki chache baadaye timu ikashinda mechi 13 mfululizo, na umati ule ule ukaimba kumwomba radhi. Msimu ule walimaliza na pointi 112. Sijawahi kusikia kwingine mashabiki wakimwimbia kocha kwamba wanasikitika.

Sasa upande wa pili. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana wale wanaotaka aondoke wana hoja ambayo sisi tunaompenda huwa tunaikimbia.

Mzee mmoja wa Uvira, fundi seremala, aliitoa kwa maneno machache akiwa ameegemea kiti cha kinyozi. "Ule mutu anajua kazi," alisema, "lakini mulango iko wazi." Hakuna aliyemjibu kwa muda. Tangu siku hiyo nimeirudia historia ya Ruff nikiwa na sentensi hiyo kichwani, na kila ninapofika nauona mlango ule.

Hapa Buffalo alikuwa na Hasek, golikipa aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, halafu akawa na Ryan Miller, aliyepata tuzo ya golikipa bora mwaka 2010. Mlango ulikuwa na mlinzi. Akaenda Dallas, na mwaka 2016 timu yake ilikuwa ya kwanza katika kundi la Magharibi kwa ushindi 50, ikifunga mabao kama mvua. Makipa wakayumba, na mchezo wa saba, wa kuamua, dhidi ya St. Louis, nyumbani, ukaisha sita kwa moja. New Jersey, ule msimu wa pili baada ya nyimbo za radhi, makipa walishuka tena, timu ikafungwa ovyo, na Machi 2024 akafukuzwa. Akaja kwetu. Ukko-Pekka Luukkonen, golikipa aliyetubeba msimu wa kabla yake, akashuka naye.

Inaweza kuwa bahati mbaya mara moja. Ikitokea mara tatu katika miji mitatu, ni namna ya kufundisha. Ruff anawapa wachezaji uhuru wa kwenda mbele, na uhuru huo unalipwa na golikipa. Akiwa na kipa wa kuokoa yasiyookoleka, anaonekana bingwa. Kipa akiwa wa kawaida, chini yake hakuna sakafu.

Kiti changu ni cha ghorofa ya juu kabisa, cha bei tunayoimudu, na kutoka kule mtu huona umbo la mchezo kuliko aliyekaa karibu na kioo. Msimu uliopita nilijifunza kusoma dalili. Paki, kile kisahani cheusi kinachochezewa, inaingia kwenye kona yetu. Beki anaifuata, na mwenzake naye anaifuata, kila mmoja akidhani mwingine atabaki. Mshambuliaji wetu tayari ameshageuza viatu kuelekea mbele kwa sababu anategemea itatoka. Isipotoka, mbele ya goli amebaki mtu wao mmoja, peke yake, gongo lake chini, anasubiri. Nililiona hilo usiku baada ya usiku mpaka nikawa nafumba macho kabla pasi haijapigwa.

Tarehe 3 Desemba 2024 nilikuwepo uwanjani. Colorado Avalanche walikuja mjini na katika kipindi cha kwanza tulikuwa tunawaongoza mabao manne kwa bila. Manne. Baba mmoja safu ya mbele yangu alimpakata binti yake mdogo mabegani, mtoto akapunga kila bao lilipoingia. Halafu wakaanza kurudisha. Moja, mbili, tatu. Mtoto akashushwa akakaa mapajani. La nne likaingia, na la tano katika dakika ya mwisho. Tano kwa nne. Yule baba hakupiga kelele wala kutukana. Alimvua mtoto jezi taratibu, akaikunja vizuri kama nguo ya msikitini, akaitia kwenye mfuko, akamvalisha koti. Nilitoka nyuma yao mpaka kituo cha treni, upepo wa ziwani unakata, na sikusikia mtu akiongea.

Hilo lilikuwa moja tu katika mfululizo wa mechi 13 bila ushindi, kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka tarehe 21 Desemba. Usiku kama ule ndiyo kazi ya kocha mwenye uzoefu. Kijana wa miaka 21 hajui la kufanya mchezo unapomgeukia, lakini mtu aliyekaa benchi zaidi ya robo karne anatakiwa ajue kuupoza, apunguze uhuru, aseme leo hakuna kwenda mbele mpaka niseme. Sikuuona mkono huo. Wanaomtetea kwa kinyozi walisema timu ni changa. Kweli ni changa, na ndiyo maana mlimwajiri mzee.

Na mchezo wetu wa watano kwa wanne, mpinzani mmoja akiwa ndani ya kiboksi cha adhabu, ulikuwa chini ya wastani wa ligi. Tuna Rasmus Dahlin, tuna Tage Thompson aliyefunga mabao 44, halafu tunakosa cha kufanya tukiwa wengi kuliko wao! Kwa hili sina la kumtetea, ni la benchi la ufundi moja kwa moja.

Basi mzee wa Uvira alipomaliza siku ile na ukimya ukatanda, aliyeuvunja alikuwa kijana mmoja aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa anasoma chuo hapa. Alimwamkia kwanza. "Shikamoo mzee. Kwa heshima yako, mlango si wa kocha. Mlango ni wa aliyejenga nyumba." Mzee akaitikia marahaba, akatikisa kichwa, akasema hilo nalo ni neno.

Na hapo ndipo barua hii inapowafikia ninyi wawili.

Tangu mlipomfukuza Ruff mwaka 2013, wamepita Ron Rolston, Ted Nolan, Dan Bylsma, Phil Housley, Ralph Krueger na Don Granato. Bylsma alikuja akiwa ameshachukua kombe na Pittsburgh. Housley ni mmoja wa mabeki wakubwa waliowahi kuvaa jezi yetu. Krueger alifukuzwa katikati ya mfululizo wa mechi 18 bila ushindi. Granato alituacha pointi moja tu nje ya mchujo, yaani mechi za kuwania kombe baada ya msimu wa kawaida, mwaka 2023, na waliotupita kwa pointi hiyo, Florida, wakaenda mpaka fainali. Makocha sita wa tabia sita tofauti, mkali na mpole, mgeni na mwenyeji, na matokeo yakawa yale yale. Misimu 14 bila kuingia mchujo. Katika historia ya NHL hakuna timu iliyowahi kukaa nje muda mrefu hivyo. Mtoto aliyezaliwa mara ya mwisho tulipocheza mchujo sasa ana ndevu za kwanza.

Waliotoka nao tunawahesabu. Ryan O'Reilly aliondoka 2018, mwaka uliofuata akachukua kombe na St. Louis na kuwa mchezaji bora wa mchujo. Jack Eichel aliondoka 2021, akachukua kombe na Vegas 2023. Sam Reinhart aliondoka 2021, na Juni hii iliyopita ameinua kombe la pili mfululizo na Florida, mchezo wa mwisho akifunga mabao manne peke yake. Hao hakuwauza Ruff. Juni hii mmempeleka JJ Peterka Utah. Mmeleta Michael Kesselring na Josh Doan, na kwa mlango wetu ulivyo naona beki mrefu kama Kesselring atasaidia, ila mabao ya Peterka nani atayafunga?

Ndugu Adams, Desemba ile ile, katikati ya mfululizo ule, ulisimama mbele ya waandishi ukaeleza kwa nini wachezaji hawapendi kuja kwetu. Ukasema hapa hakuna minazi, na kodi ni kubwa. Naomba nikujibu kwa adabu, maana neno lile liliniingia pabaya. Mimi minazi naijua. Nimezaliwa chini yake, nimeupanda, nimeanguliwa madafu yake, na jioni makuti yakipigwa na upepo wa bahari nayasikia mpaka leo nikiwa usingizini. Niliiacha nikaja hapa, na hapa nimebaki. Wamebaki na maelfu wengine waliotoka kwenye jua, wamenunua nyumba zilizokuwa zimefungwa mbao madirishani, wakafungua maduka kwenye mitaa iliyokuwa imekufa. Mji huu unapendeka. Mchezaji akikataa kuja, ataulizwa sababu, na sababu ya kwanza atakayotaja ni kwamba anataka kushinda. Na Ndugu Adams, hilo wewe ulilijua ukiwa mchezaji. Mwaka 2006 Sabres ya Ruff iliingia mchezo wa saba dhidi ya Carolina ikiwa imepoteza mabeki wake wanne kwa majeraha na maradhi, na bado iliingia kipindi cha tatu ikiongoza. Ulikuwa upande wa pili, na kombe mkachukua ninyi. Uliona kwa macho yako anachoweza kufanya kocha huyu akiwa na kikosi.

Ndugu Pegula, wewe ulipanda ndege ukaenda Montreal kuzungumza na wachezaji wakati ule. Nilifurahi kusikia, mwenye nyumba kaenda kuiona nyumba. Usiku ule timu ikafungwa sita kwa moja. Ushindi ulikuja tarehe 23, saba kwa moja dhidi ya Islanders, na ukiuweka kando mfululizo ule mweusi tulishinda mechi 36 kati ya 69. Timu ya kuingia mchujo haikuwa mbali sana. Ilizama katika wiki nne, na katika wiki hizo nne kocha alikuwa na sehemu yake, nanyi mlikuwa na yenu.

Ninachoomba kabla Oktoba haijafika ni kwamba mtuambie waziwazi kocha anapimwa kwa nini. Mkisema anapimwa kwa idadi ya mabao tunayofungwa na kwa mchezo wa watano kwa wanne, sawa, hayo ni yake, na akishindwa hata mimi mwenye jezi ya 39 sitamlilia. Msajilieni mtu wa ulinzi kwenye benchi mwenye sauti ya kumwambia Ruff hapana, kwa sababu kocha mwenye ushindi 900 si rahisi kuambiwa hapana na msaidizi aliyemkuta. Mmemleta Alex Lyon golini kumsaidia Luukkonen. Mkiona Novemba kwamba haitoshi, msisubiri Januari. Na siku mkiamua aondoke, msimtoe wakati timu inazama ili tu makelele yapungue. Mtoeni kwa sababu mliyokwisha kuitaja, na atakayesimama kutangaza aseme pia nani alikijenga kikosi.

Kwa wenzangu wa kwa kinyozi nilishasema, na nasema tena mbele yenu: mapenzi ya 1999 na 2006 hayatazuia bao hata moja msimu huu. Ruff mwenyewe, nikimtazama anavyosimama benchi mikono kifuani, taya limekaza, sidhani anataka kupendwa kwa ajili ya zamani. Anataka kombe ambalo yule Hull aliondoka nalo. Ana miaka 65. Mpeni nafasi ya kweli ya kulitafuta, na mtuonyeshe sisi kwamba mnajua ni nini kinamkwamisha.

Jirani yangu sasa haendi uwanjani, magoti yamegoma kupanda ngazi. Mechi ya kwanza ya nyumbani nitakuwa ghorofa ya juu na jezi yake, na nikirudi nitagonga mlango wake nimsimulie. Huwa ananingoja na taa ya barazani imewashwa, hata ikiwa saa tano usiku.

Wenu katika timu,
Shabiki wa Tanga, West Side